Sura ya Sita: Kwenda kwa Kufuata Mto

Mswahili akisema "amekwenda", hajamweleza msikilizaji njia. Aliyekwenda huenda amepanda mlima, ameteremka pwani, amevuka mto au ameingia chumba cha pili. Mwenye kutaka kujua zaidi atauliza, na mwenye kujibu ataongeza maneno. Kitenzi chetu kimekaa wazi, kikisubiri majina ya mahali yaje kukikamilisha.

Kuna lugha ambazo hazikubali kirahisi uwazi huo. Mojawapo ni Kikaruk, lugha ya wenyeji wa milima ya kaskazini-magharibi mwa California, nchini Marekani. Ndani ya Kikaruk, mwendo na mto vimesukwa pamoja kiasi kwamba msimuliaji anayesema mtu amekwenda kwa kawaida huwa tayari ameshaonyesha kwa kitenzi hicho hicho kama mtu huyo ameelekea mto unakotoka au unakoelekea, kama ameshuka kutoka mlimani au amevuka kutoka ng'ambo, na mara nyingi kama alikuwa peke yake au na wenzake. Sura hii inakifuata kitenzi cha mwendo cha Kikaruk popote kinapokwenda, kwa sababu naamini kwamba vitenzi vya aina hii vimehifadhi elimu ya nchi kuliko orodha yoyote ya majina ya miti na wanyama.

Mto na pande zake nne

Mto Klamath huanzia kwenye maziwa ya kusini mwa jimbo la Oregon, ukapasua safu za milima kwa zaidi ya kilomita 400, kisha ukamwagika katika Bahari ya Pasifiki. Wakaruk wanakaa sehemu ya katikati, penye mabonde membamba na miteremko mikali, katika maeneo ambayo ramani za leo zinayaita Happy Camp, Somes Bar na Orleans. Tambarare hakuna. Vijiji vya zamani vilikaa kwenye vipande vidogo vya ardhi kando ya maji, na nyuma ya kila kijiji mlima ulisimama wima.

Katika nchi ya namna hiyo, dira haina kazi kubwa. Mto unapinda huku na huku: mahali fulani unaelekea magharibi, mbele kidogo kusini, na ukifika Weitchpec, unapokutana na Mto Trinity, unageuka kuelekea kaskazini-magharibi hadi baharini. Anayeufuata kwa kutumia kaskazini na kusini atabadilisha maneno kila baada ya kona chache, ilhali safari yake ni ile ile. Wakaruk walichagua kisichobadilika, yaani mkondo wa maji na mteremko wa mlima. Pande zao kuu ni nne. Káruk ni juu ya mto, kule maji yanakotoka. Yúruk ni chini ya mto, kule yanakoelekea. Máruk ni mlimani, mbali na maji. Sáruk ni bondeni, kuelekea majini. (Alama zilizo juu ya irabu zinaonyesha mpando na mshuko wa sauti, na alama ya ritifaa utakayoiona baadaye ni kituo kifupi cha pumzi kooni.)

Msomaji atakuwa ameshatambua neno la kwanza. Jina la Wakaruk lenyewe limetokana na upande huo: ni watu wa juu ya mto. Jirani zao wa upande wa baharini wanajulikana vitabuni kama Wayurok, na jina hilo nalo limetoka katika Kikaruk: watu wa chini ya mto. Hivyo mataifa mawili yanajulikana duniani kwa maneno mawili ya uelekeo ya lugha moja. Wayurok kwa upande wao waliwaita Wakaruk kwa neno lao wenyewe lenye maana ile ile ya watu wa juu ya mto.

Bahari kwa Kikaruk ni yúras, na ndani ya neno hilo imo sehemu ile ile ya yúruk, kwa kuwa bahari ndiyo mwisho wa kuteremka. Mahali patakatifu zaidi pa Wakaruk, karibu na Somes Bar, panaitwa Katimîin, yaani ukingo wa maporomoko ya juu. Chini yake kidogo palikuwa na Yutimîin, ukingo wa maporomoko ya chini. Ka- na yu-, juu na chini, zimetapakaa katika majina ya nchi nzima. Mtoto aliyekulia hapo alijifunza uelekeo kabla hajajifunza kuhesabu.

Mwambao wetu nao ulikuwa na utaratibu unaofanana na huo. Maneno kaskazini na kusini yametoka katika majina ya pepo mbili, kaskazi na kusi, zilizopeleka na kurudisha majahazi. Mabaharia waliitaja dunia kwa upepo kwa sababu upepo ndio uliowasafirisha. Wakaruk waliitaja kwa maji na mteremko kwa sababu hivyo ndivyo vilivyoamua kila hatua waliyopiga. Tofauti ni kwamba Kiswahili kiliishia kwenye majina ya pande, wakati Kikaruk kiliuingiza uelekeo ndani ya kitenzi.

Kitenzi kinachobeba njia

Kiswahili kina vitenzi vingi vilivyoshika njia katika shina: panda, shuka, vuka, ingia, toka, rudi, zunguka. Tukitaka kueleza namna ya mwendo, tunaongeza maneno pembeni: "ameingia kwa kutambaa", "amevuka akiogelea". Lugha kadhaa za California zimegawa kazi hii kwa namna nyingine. Shina linaeleza namna ya mwendo au kitu kinachokwenda, na njia inawekwa katika kiambishi kinachofuata. Mtaalamu wa isimu Leonard Talmy aliuchunguza mpangilio wa namna hiyo katika Kiatsugewi, lugha nyingine ya kaskazini mwa California, kwa ajili ya tasnifu yake ya mwaka 1972 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kutokana na kazi hiyo alikuja kupendekeza mgawanyo wa lugha za dunia kwa kufuata mahali zinapoiweka njia ndani ya sentensi, na mpaka leo wanaisimu wanaujadili. Lugha ndogo ya milimani iliwapa wasomi wa dunia swali ambalo hawakuwahi kujiuliza.

Kikaruk kina viambishi tamati vingi vya njia, na orodha yake inastaajabisha kwa jinsi ilivyo mahususi. Kiambishi -roovu kinaeleza mwendo wa kuondoka hapa kuelekea juu ya mto. Kiambishi -varak kinaeleza mwendo wa kuja huku kutoka juu ya mto. Kiambishi -faku ni kuja huku kutoka mlimani. Vipo vya kwenda ng'ambo ya mto na vya kuja kutoka ng'ambo, vya kuingia ndani ya nyumba na vya kutoka nje, vya kutumbukia ndani ya chombo na vya kutolewa humo. Kipo hata kiambishi cha kuingia motoni, -kirih: shina páath, lenye maana ya kurusha, likikipokea huwa páathkirih, kutupia motoni.

Kila kimoja cha viambishi vya mtoni kina mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni upande wa nchi: juu, chini, mlimani, ng'ambo. La pili ni mahali aliposimama msemaji: mwendo unakwenda kule au unakuja huku. Kusafiri na mkondo kwa mtu anayeondoka hapa na kusafiri na mkondo kwa mtu anayekuja hapa ni viambishi viwili tofauti, ingawa maji ni yale yale na yanatiririka upande ule ule. Wasemaji wa lugha za Kinailoti kama Kimaasai wataona jambo wanalolifahamu, kwani vitenzi vyao pia vina alama ya kuja huku na alama ya kwenda kule. Kikaruk kimezichukua alama za namna hiyo na kuzifunga kwenye mto.

Matokeo yake ni kwamba msimulizi hawezi kusimama pasipojulikana. Akisema kitu kimekuja kutoka juu ya mto, amejiweka yeye na wasikilizaji wake katika sehemu fulani ya bonde. Hadithi nzima inaweza kufuatwa kama ramani, maana kila kitenzi kinaongeza hatua moja katika nchi halisi yenye miamba na vijito vinavyojulikana kwa majina.

Jambo hili halikuwa la Wakaruk peke yao. Wayurok na Wahupa, jirani zao wa karibu, nao wanautaja ulimwengu kwa mkondo wa mto na mteremko wa mlima. Hapo ndipo pana fundisho kubwa, kwa sababu lugha hizo tatu hazina undugu. Kiyurok kina uhusiano wa mbali na jamii ya lugha za Kialgonkini, ambazo nyingi ziko mashariki mwa bara hilo. Kihupa ni cha jamii ya Kiathabaska, iliyosambaa hadi Alaska. Kikaruk hakina ndugu anayekubaliwa na wote. Tangu mwaka 1913 wapo wasomi wanaokiweka katika kundi liitwalo Kihoka, na wengine wanakihesabu kuwa lugha iliyo peke yake. Sean O'Neill ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2008 jinsi lugha hizi tatu zilivyoishi bega kwa bega, zikashirikiana mengi katika mila, huku kila moja ikishika sarufi yake. Maneno ni tofauti na vipande vya sarufi ni tofauti, lakini mto ni mmoja, nao umeacha chapa yake katika zote tatu.

Mmoja akiondoka, wengi wakiondoka

Tukitazame sasa kitenzi chenyewe kwa karibu. Kuondoka, kushika njia, kwa Kikaruk ni vâaram. Ukiweka mbele yake kiambishi 'u- cha nafsi ya tatu unapata 'uvâaram: ameondoka. Kama a- yetu, hiki 'u- hakibagui mwanamume na mwanamke, na msomaji wa Kiswahili atakizoea upesi kuliko msomaji wa Kiingereza.

Lakini vâaram ni kwa mtu mmoja tu. Wakiondoka wengi, kubadilisha kiambishi cha mbele hakutoshi, kwa kuwa shina lote linaachwa na kuchukuliwa jingine: kunívyiihship, wameondoka. Katika neno hilo, kun- ni "wao", na ivyiihship ni kuondoka kwa watu wengi. Hakuna herufi za vâaram zilizosalia humo. Kwa baadhi ya vitenzi vya mwendo na vya mkao, hata watu wawili wana shina lao, mbali na la mmoja na la wengi.

Kwa mzoefu wa Kiswahili hili linaonekana kama mzigo wa bure. Sisi tunasema nimekwenda, tumekwenda, wamekwenda, na -enda inakaa pale pale. Lakini ukilifikiria kwa makini, utaona mantiki yake. Safari ya mtu mmoja katika milima ile na safari ya kundi zilikuwa shughuli mbili tofauti. Mmoja huenda kuwinda, kuomba mlimani, kumfuata mgonjwa. Wengi huenda kwenye ngoma, kwenye mavuno ya mbegu za mwaloni, kwenye kuhama. Lugha iliona tofauti hiyo kuwa kubwa ya kutosha kupewa maneno mawili, kama sisi tunavyoona kuja kuwa jambo jingine na kwenda kuwa jambo jingine, ingawa vyote viwili ni miguu ile ile kutembea.

Kipo pia kitenzi cha kutembea au kusafiri kwa mtu mmoja, áhoo. Kikiongezwa -tih, kiambishi cha jambo linaloendelea, kinakuwa 'u'áhootih: anatembea, yumo njiani. Hakisemi ameelekea wapi. Kinasema tu kwamba mwendo unaendelea. Hivyo Kikaruk nacho kina namna ya kuuacha mwendo wazi, lakini kufanya hivyo ni uamuzi wa msemaji.

Kuingia ni kutambaa

Mfano ninaoupenda kuliko yote umo katika maneno ya kuingia na kutoka. Katika hadithi za Kikaruk, mtu anapoingia nyumbani neno linalojirudia ni 'uvôonfuruk, na anapotoka ni 'uvôonupuk. Mwisho wa neno la kwanza ni kiambishi cha kuingia ndani, na mwisho wa la pili ni cha kutoka nje. Shina lake ni la kutambaa.

Kwa nini mtu mzima mwenye heshima aingie kwake kwa kutambaa? Jibu liko katika ujenzi. Nyumba za familia katika sehemu hiyo zilijengwa kwa mbao za mierezi zilizopasuliwa, juu ya shimo lililochimbwa ardhini, na mlango ulikuwa tundu la mviringo lililotobolewa kwenye ubao karibu na ardhi. Tundu hilo lilizuia baridi na wanyama, na lilimlazimisha kila anayeingia, tajiri au maskini, kuinama na kupita kwa mikono na magoti. Mbali na nyumba hiyo kulikuwa na ikmaháchraam, nyumba ya kutokea jasho, ambamo wanaume walilala, wakazungumza na kujitakasa kwa moto.

Nyumba zenye milango ya mviringo zimebaki chache, na karibu zote ni za ibada au za kumbukumbu. Familia za Wakaruk leo zinaishi katika nyumba zenye milango ya kawaida. Hata hivyo kitenzi kimekaa vile vile, nacho kinatueleza urefu wa mlango ambao hatukuuona. Mwanaakiolojia angehitaji kuchimba ili apate tundu lile kwenye ubao uliooza. Mwenye kuijua lugha analisikia kila hadithi inapomwingiza mgeni nyumbani.

Safari ya Koyote

Pihnêefich, yaani Koyote, mnyama wa jamii ya mbweha, ana nafasi katika masimulizi ya Wakaruk inayokaribia ile ya Sungura katika ngano zetu, ingawa Koyote ana ukubwa zaidi: yeye ni mmoja wa viumbe walioishi kabla ya binadamu na waliotengeneza kanuni za maisha. Ana akili, ana uroho, na anaanguka mara kwa mara kwa makosa yake mwenyewe.

Mojawapo ya hadithi zake mashuhuri ni ya safari ya kwenda juu ya mto, mpaka kwenye maziwa ya Klamath, kutafuta fedha. Fedha za watu wa mto huo zilikuwa makombe membamba ya baharini yenye umbo la mrija, yaliyotungwa kwenye nyuzi. Koyote anapanda na mto, anashikwa na kiu kali, anaishia kutumbukia majini, na mkondo unamchukua. Njia yote aliyoipanda kwa taabu anaiteremka akielea, bila hiari.

Msikilizaji wa Kikaruk anaipata hadithi hiyo kwa vitenzi. Kupanda kwake Koyote na kuelea kwake kunaelezwa kwa njia zile zile mbili za káruk na yúruk, na kila anapopita, nchi inajulikana. Anayekaa Orleans anajua saa ambayo Koyote atapita mbele ya kijiji chake. Ukiitafsiri hadithi hii kwa Kiswahili au Kiingereza, kisa kinabaki na kicheko kinabaki, ila ramani yake inafifia, na itakubidi uiongezee maelezo ambayo mwenyeji hakuyahitaji.

Kurudi na kutengeneza upya

Sasa tufike kwenye sehemu ndogo kuliko zote ya kitenzi hiki, nayo kwangu ndiyo yenye uzito zaidi. Kikaruk kina kiambishi cha mbele chenye sauti p, ambacho huonekana kama ip- au p- kulingana na sauti za jirani. Maana yake ni "tena" au "kurudi". Ukikiweka katika 'uvâaram, ameondoka, unapata 'upvâaram: amerudi kwao, amekwenda nyumbani. Mwendo ni ule ule, lakini sasa una mahali pake pa asili pa kurejea.

Kiambishi hicho hicho kinaingia kwenye kitenzi cha kutengeneza, ikyav. Kutengeneza pamoja na "tena" ni píkyav: kurekebisha, kuweka sawa kilichoharibika. Kutoka hapo limepatikana jina la ibada kuu ya Wakaruk, Pikyávish, ambayo vitabu vinaiita ibada ya kuufanya upya ulimwengu. Hufanyika mwishoni mwa kiangazi, na Katimîin ni mojawapo ya mahali pake. Kuhani wa ibada hufunga, huomba, na hutembea katika njia za kale kwenda mahali patakatifu, akiwasha moto na kufanya yale yaliyofanywa na viumbe wa mwanzo. Alfred Kroeber na Edward Gifford walichapisha mwaka 1949 utafiti mrefu kuhusu ibada hizi za Wakaruk, Wayurok na Wahupa.

Tazama jinsi mambo yalivyoungana. Kipande kimoja cha sauti kinageuza kuondoka kuwa kurudi nyumbani, na kinageuza kutengeneza kuwa kuuponya ulimwengu. Katika ibada yenyewe, mtu anauponya ulimwengu kwa kutembea, kwa kurudia nyayo za kwanza. Sidai kwamba kila Mkaruk aliyetamka p- aliwaza haya, kama sisi tusivyowaza sarufi tunaposema "rudi" na "rudia". Lakini lugha imeziweka karibu fikra ambazo lugha nyingine zimezitenganisha, na utamaduni ukazitumia zote mbili mahali pamoja.

Mto uliozibwa na mto uliofunguliwa

Historia haikuwaachia Wakaruk amani ya kuusoma mto wao. Dhahabu iliwaleta wachimbaji katika bonde la Klamath kuanzia mwaka 1850, na vijiji vilichomwa moto. Mikataba 18 ambayo serikali ya Marekani ilitiliana saini na mataifa ya wenyeji wa California mwaka 1851 na 1852 haikuidhinishwa kamwe na Seneti, hivyo Wakaruk hawakubakiziwa nchi ya kutosha iliyolindwa kwa sheria. Watoto walipelekwa shule za bweni zilizowakataza lugha za nyumbani. Kizazi kilichofuata kilisikia Kikaruk kwa wazee na kujibu kwa Kiingereza.

Mto nao ulizibwa. Katika karne ya 20 mabwawa ya umeme yalijengwa sehemu ya juu ya Klamath, na samaki samoni, áama, ambaye huzaliwa mtoni, hukulia baharini na kupanda tena mtoni kutaga mayai, akakatiwa njia kwa zaidi ya miaka 100. Mwezi wa Septemba 2002, makumi ya maelfu ya samoni walikufa katika sehemu ya chini ya mto huo, maji yakiwa machache na yenye joto. Kwa watu ambao mojawapo ya vijiji vyao vitakatifu huitwa Amekyáaraam, mahali pa kutengenezea samoni, msiba huo uliingia mpaka ndani ya dini.

Wakaruk, Wayurok na mataifa mengine ya bonde hilo walidai kwa miaka mingi mabwawa yaondolewe. Hatimaye manne yalibomolewa, la kwanza mwaka 2023 na matatu yaliyobaki mwaka 2024, katika kazi kubwa kuliko zote za aina hiyo katika historia ya Marekani. Mwezi wa Oktoba 2024, samoni walionekana tena katika vijito vya Oregon, juu ya mahali mabwawa yalipokuwa. Kiambishi cha kwenda juu ya mto, ambacho kwa karne nzima hakikuweza kumfikisha áama huko, sasa kinaweza kusemwa juu yake kwa ukweli.

Walioandika na wanaosema

Tunachokijua kuhusu kitenzi cha Kikaruk tunakidai kwa wazee waliokubali kukaa na watu wenye kalamu. Phoebe Maddux, mwanamke wa Kikaruk aliyekuwa pia na jina la kwao Imkyánvaan, alifanya kazi na mtafiti wa lugha John Harrington miaka ya 1920, na maneno yake yamejaza kitabu kikubwa kuhusu tumbaku ya Wakaruk kilichotoka mwaka 1932. Ukisoma kitabu hicho utaona kwamba somo ni tumbaku, lakini kila ukurasa una watu wanaokwenda, wanaopanda mlimani, wanaorudi.

Mwaka 1949 alifika William Bright, mwanafunzi kijana kutoka Berkeley. Wazee walimpokea, wakamfundisha, na wakampa jina Uhyanapatánvaanich, mwuliza-maneno mdogo. Sarufi yake, yenye hadithi na msamiati, ilichapishwa mwaka 1957, na ndiyo msingi wa karibu kila kilichoandikwa baadaye, pamoja na sura hii. Mwaka 2005 yeye na Susan Gehr walitoa kamusi ya Kikaruk kwa ajili ya jamii yenyewe. Kabla ya kifo chake mwaka 2006, Wakaruk walimfanya mwanachama wa heshima wa taifa lao.

Leo waliolelewa katika Kikaruk tangu utotoni wanahesabika kwa vidole. Lakini wanaojifunza wapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanaharakati wa lugha za California, akiwemo mwandishi na msanii wa Kikaruk Julian Lang na mtaalamu wa isimu Leanne Hinton, walishiriki kuanzisha mpango wa kumkutanisha mzee mmoja na mwanafunzi mmoja mtu mzima. Wawili hao hupika, huosha vyombo, huokota kuni na kwenda matembezini wakizungumza lugha yao tu, bila Kiingereza. Mpango huo umeigwa na jamii nyingi duniani.

Mpango wa namna hiyo unakifaa sana Kikaruk. Orodha ya majina unaweza kuikariri ukiwa umekaa darasani. Viambishi vya njia haviingii kichwani kwa kukaa. Ni lazima uwe kwenye mteremko, mzee akuambie njoo huku kutoka mlimani, nawe ushuke. Ni lazima uone maji yanaelekea wapi ndipo uchague mwisho wa neno. Mwanafunzi anayejifunza kitenzi hiki anajifunza pia kukaa katika nchi yake.

Kwa wenye lugha za nyumbani

Afrika Mashariki ina lugha nyingi ambazo wasemaji wake wanapungua, na wapo vijana wema wanaoanza kuziandika kwenye simu na madaftari. Karibu wote huanza na majina: sehemu za mwili, wanyama, vyombo, hesabu. Hiyo ni kazi njema na iendelee. Lakini mfano wa Wakaruk unatufundisha kwamba elimu kubwa ya nchi imefichwa katika vitenzi, na hasa katika vile vidogo vya kwenda, kuja na kurudi ambavyo hakuna anayefikiri kuviuliza kwa kuwa vinaonekana vya kawaida mno.

Kwa hiyo, msomaji, ukikaa na bibi au babu yako kuandika lugha ya kwenu, usiishie kuuliza kitu hiki kinaitwaje. Toka naye nje, kama miguu yake inaruhusu. Muulize anasemaje mtu akishuka bondeni, akivuka mto, akija kutoka ng'ambo, akirudi jioni. Muulize kama neno ni lile lile akiwa mmoja na wakiwa wengi. Andika sentensi nzima, andika mlikuwa mmesimama wapi, na rekodi sauti yake. Fanya hivyo mwaka huu, angali hai.